Rweya Iliyo Mbele ya Ndege

Wadogo zangu wa darasa la tano na la sita, na nyie wa la saba mnaodhani mmeshaimaliza dunia: mimi nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, hesabu bado zinanikataa hadharani, lakini kazi nimeiacha, na aliyestaafu ana haki ya kukaa kitako na kuwachosha watoto wa watu. Babu zenu wanawachosha kwa habari za vita na mnavumilia. Nivumilieni na mimi.

Kila nikipita njia ya kisimani mnanifuata na swali lilelile: dada Adventina, ulimwona? Nilimwona. Mjomba wangu Novatus alikufa na ndege, na mimi nilikuwa nimesimama juu ya kichuguu na bendera mkononi. Nitawasimulia mara moja tu, ili mniache nichote maji yangu kwa amani. Ila kwanza nawaeleza kazi. Asiyeijua kazi ataishia kusema yale yanayosemwa kilabuni, kwamba ndege ilirogwa, au kwamba mjomba alikunywa rubisi asubuhi. Mjomba alikuwa hanywi hata togwa iliyolala.

Uwanja wa Kihanga mnaujua, maana mmeshaharibu majani yake mara nyingi. Ni ukanda wa nyasi zilizofyekwa juu ya mgongo wa kilima, kibanda cha mabati, mapipa ya mafuta ndani ya kibanda, basi. Upande wa mashariki ardhi inainama ghafla, halafu inatandaza rweya, ile nyika ya wote isiyo na mgomba wala mwenyewe, ambako mnachunga na mama zenu wanalima njugu mawe. Pembeni mwa rweya, mkono wa kushoto, vinaanza vibanja vya watu, migomba na kahawa. Ndege ilikuwa moja, ya viti viwili, na bawa lake la kulia lilikuwa na kiraka kama suruali ya mwalimu wetu wa hesabu. Ilikuwa ya watu wa misheni. Walitaka kijana wa hapahapa ajifunze urubani, ili siku moja apeleke dawa na kuchukua wagonjwa huko Kyerwa mvua zinapokula barabara.

Mwalimu alikuwa Kapteni Salum. Asili yake Tanga, ndugu zake ndio wenye yale maduka ya vitambaa Kayanga, na alikuwa amerusha ndege kubwa hadi nywele zote zikamwacha. Mwanafunzi alikuwa mjomba Novatus, mdogo wake Mama, kitinda mimba wa Bibi, aliyetoka kwenye gereji ya misheni na mikono ambayo haikutakata tena. Na wafanyakazi wengine wote wa kiwanja, yaani ulinzi, hali ya hewa, zimamoto na usafi, walikuwa mimi. Kila Jumamosi na kila likizo, tangu nikiwa darasa la sita. Mjomba aliniita Meneja. Wanaume walionikuta nikifukuza ng'ombe na sketi yangu ya shule walinicheka, wakaniambia msichana wa kuswaga ng'ombe hapati mume. Nikawajibu kwamba ng'ombe wangu wanatii kuliko wao.

Uongo. Ng'ombe wa kwetu wana pembe ndefu na kiburi kinacholingana nazo. Kulikuwa na dume moja, Ruhogo, aliyependa kulala katikati ya uwanja kwa sababu majani mafupi hayamwashi tumbo. Wiki yangu ya kwanza nilimpungia bendera nyekundu. Dakika hiyohiyo nilikuwa juu ya kibanda, mabati yakinichoma magoti, Ruhogo anakizunguka kibanda kama askari wa zamu, na juu kabisa ndege inazunguka nayo, haina pa kutua. Mwishowe mchungaji wake akaja akamwita, akaondoka naye kama mbwa. Kapteni alitua, akazima injini, akaja akanitazama juu ya bati bila kucheka.

"Bendera ni ya rubani," akasema. "Fimbo ni ya ng'ombe. Ukizichanganya atakufa mtu, na sijui kama ni wewe au mimi."

Hilo ndilo somo la kwanza la kazi, liandikeni. Kila kifaa kina wa kuongea naye.

Somo lingine lilikuwa la soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti unaomwonyesha rubani upepo unatoka wapi. Wetu ulichanika msimu wa mvua. Nikaazima mkono wa joho la kwaya lililokuwa limetupwa sakristia. Nasema limetupwa, mwalimu wa kwaya anasema lilikuwa linasubiri kushonwa. Ulipepea vizuri sana, zambarau, hadi Jumapili mwalimu wa kwaya alipopita njia ya juu akauona mkono wake ukimpungia. Kapteni alinitetea. Alisema yeye ni Mwislamu lakini hajawahi kutua salama kama tangu upepo uanze kubarikiwa.

Mafuta nayo nilifundishwa. Kila asubuhi kabla ya ndege kuamka unachota mafuta kidogo kutoka chini ya bawa kwa chupa ya glasi, unayainua kwenye mwanga. Maji hayachanganyiki, yanakaa chini kama mtu aliyenuna. Ukiyaona unamwaga, unachota tena, hadi chupa iwe safi. Mjomba alikuwa ananidanganya kwamba ili kuhakikisha lazima uonje. Nilionja. Siku nzima nikapiga mbweu zenye harufu ya pikipiki, na yeye akawa ananiomba nisisogee karibu na jiko la Bibi.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Mnaosema mimi nina mdomo, mimi nilikuwa mwanafunzi tu. Chuo kikuu kilikuwa yeye.

Lakini kazi yenyewe hasa, ile ambayo Kapteni aliiona ndiyo kazi, haikuwa ng'ombe wala mafuta. Ilikuwa kutembea mbele. Kila asubuhi, kabla ya kitu chochote kuruka, nilivuka mwisho wa uwanja, nikashuka mwinamo, nikaitembea rweya yote hadi kwenye mbuga ya chini, nikarudi. Kapteni ananingoja na swali.

"Mbele kuna nini?"

Siku ya kwanza nilimjibu hakuna kitu. Akanishika mkono kama mtoto wa chekechea, tukashuka wote. Akanionyesha kichuguu kipya. Akanionyesha mbuzi aliyefungwa kamba kwenye kijiti, mfereji wa zamani uliofichwa na nyasi, na mashimo ambayo nyie mlichimba mkitafuta fuko. Akasema hakuna kitu ni jibu la mtu aliyelala. Akanieleza kwa nini, na sasa nawaeleza nyie, na aliye nyuma asogee.

Ndege ikiwa juu sana na injini ikizima, rubani ana muda. Anachagua shamba, anachagua upepo, hata sala anachagua. Ila ikizima pale pale magurudumu yanapoachana na ardhi, hana cha kuchagua. Atatua kwenye kile kilicho mbele yake. Kurudi uwanjani hawezi, ingawa uwanja uko nyuma yake tu na moyo wote unamvuta huko. Fikirieni baiskeli. Inayokwenda kasi unaigeuza utakavyo. Inayokaribia kusimama, ukikata kona inakulaza. Ndege ndogo isiyo na injini ni hivyo hivyo: mwendo ndio unaoishika hewani, na kona inakula mwendo. Unageuka, bawa la ndani linaishiwa upepo, linaanguka, na hakuna tena nafasi ya kulikamata.

"Shimo linavunja mguu wa ndege," Kapteni alikuwa anasema. "Kugeuka kunavunja shingo ya rubani."

Ruhusa aliyotoa ilikuwa ndogo: kushoto kidogo, kulia kidogo, isizidi upana wa kioo cha mbele. Kwa hiyo mimi, nilipoitazama rweya asubuhi, nilikuwa namtandikia rubani kitanda ambacho tunaomba asikilalie.

Somo hilo alimfundisha mjomba kila mahali. Angani alikuwa anampunguzia mafuta ghafla ili injini inyong'onyee. Chini alikuwa anapiga makofi tu. Walikuwa wakija kula kwa Bibi, tumekaa, ndizi zinafuka moshi, Kapteni anapiga kofi moja na kusema imezima. Mjomba lazima asukume mkono mbele, maana jambo la kwanza ni kushusha pua ya ndege ili mwendo usife, hata kama pua inaelekea ardhini na akili yako yote inataka kuivuta juu. Halafu anasema mbele, halafu anafunga mafuta, halafu anafungua mlango usije ukakwama. Mara nyingine alisukuma sahani yangu. Bibi, ambaye Kiswahili chake ni cha salamu na cha sokoni, alidhani ni sala ya Kiislamu ya kabla ya chakula, akawa anainamisha kichwa kwa heshima. Hakuna aliyemwambia ukweli kwa muda mrefu. Siku mjomba aliporuka peke yake kwa mara ya kwanza na kuzunguka juu ya nyumba, Bibi aliingia ndani akafunga mlango, ili ndege isimwone.

Sasa siku ile.

Ta Rwegasira, mzee wa mji wa bondeni, alikuwa amefariki. Mnajua kwetu: mtu akilala, jembe halishikwi. Hakuna kupalilia, hakuna kuchimba isipokuwa kaburi, hadi marehemu azikwe. Mama alikwenda msibani alfajiri. Mjomba alipaswa kwenda na wanaume kuchimba, akasema atarusha asubuhi kisha mchana atakwenda, maana mtahini kutoka Dar es Salaam alikuwa anakaribia kuja na mjomba alikuwa bado anahitaji saa za angani. Kapteni alisitasita. Alisema kijiji kina maiti, labda tuache.

"Kapteni," mjomba akasema, "leo ndiyo siku. Mbele ni peupe kuliko siku zote. Mtu amelala, jembe limelala. Hata njugu mawe zinapumzika."

Nilishuka kutazama kama kawaida. Nikarudi nikajibu: nyasi ndefu, kichuguu kilekile, hakuna ng'ombe, hakuna mtu. Ilikuwa kweli. Kapteni akakubali.

Hapo ndipo palipo na kosa, na ni kosa ambalo mtu wa Tanga hawezi kulaumiwa kwalo, kwao waombolezaji wanakalia mikeka. Ni sisi wawili, mimi na mjomba, tuliolelewa misibani tangu tukiwa mgongoni. Ni kweli jembe halishikwi. Lakini mundu unashikwa. Waombolezaji wanakaa na kulala juu ya nyasi mbichi, nyumba yote inatandikwa, na nyasi hizo wanazikata wanawake, na siku ya msiba wanazikata nyingi kuliko siku yoyote ya mwaka. Kwa kawaida wangekata upande wa Rugera, karibu na mji wa marehemu. Ila mteremko ule wachungaji walikuwa wameuchoma moto ili majani mapya yaote, ulikuwa mweusi tii, na tulikuwa tumeuona moshi wake sisi sote. Hatukujiuliza nyasi za Ta Rwegasira zitatoka wapi.

Mjomba aliruka, akazunguka, akatua. Akarudi mwanzo wa uwanja, akaruka tena. Vizuri, laini, hadi Kapteni akaanza kupiga mluzi. Tulikuwa tumesimama wote wawili juu ya kichuguu changu kwenye ukingo wa mwisho wa uwanja, mahali pekee unapouona uwanja nyuma na rweya mbele kwa pamoja. Aliye ndani ya ndege mwanzoni mwa uwanja haoni rweya, mwinamo unaificha.

Wanawake walitokea mbugani, wamepanga mstari, kila mmoja na mundu, na kamba za migomba za kufungia mizigo zimening'inia mabegani. Walitawanyika katikati ya rweya, wakainama, wakaanza kukata. Niliutambua mgongo wa Mama kwa kitenge chake cha kijani. Nikainua bendera nyekundu juu kabisa. Ndege ilikuwa tayari inakimbia, pua imeinuka, na pua ikishainuka rubani anaona mbingu tu.

Kapteni alinishika bega. "Waache," akasema. "Anapita juu yao. Baada ya hapa tunasimamisha."

Ilipita juu yetu, nguo zikatupiga miguuni. Ndipo injini ikakohoa kama mtu aliyepaliwa na maji. Ikakohoa tena. Halafu pakawa na upepo tu.

"Shusha pua," Kapteni akasema polepole, kwa sauti ileile ya mezani kwa Bibi, na pua ikashuka kweli, kama vile amemsikia. "Mbele. Mbele. Mbele." Kisha macho yake yakafika kule kulikokuwa mbele, na neno likamwishia.

Wanawake wachache waliona, wakakimbia, huku wengine na huku wengine. Mama alibaki katikati. Alisema baadaye kwamba mlio wa ndege alikuwa ameuzoea, asingegeuka kwa ajili ya mlio. Kilichomgeuza ni kimya. Aligeuka akaiona, kubwa kama nyumba, inamjia bila sauti. Akasimama palepale, mundu mkononi.

Ndege ikapinda kushoto. Kidogo kwanza, ule upana wa kioo. Haikutosha, wanawake walikuwa wametawanyika mno, basi akaongeza. Bawa la kushoto lilishuka, na likaendelea kushuka hata pale alipotaka liache. Niliona mkia ukivutwa upande wa pili, ukilibishia, lakini bawa lilikuwa limeshakata tamaa. Ikaangukia ukingo wa kibanja cha kwanza. Migomba ni laini, mngetegemea ingempokea, na ilijaribu, ilikatika safu nzima. Mti wa musambya uliokuwa katikati yake haukuwa laini.

Mama alirushiwa udongo usoni. Hakuguswa na kitu kingine, wala mwanamke yeyote hakuguswa.

Sitawaeleza mjomba alivyokuwa tulipomfikia. Najua ndicho mnachokitaka, na hamtakipata. Nitawaambia kwamba wanaume walikuja upesi kwa sababu walikuwa pamoja msibani, na walikuja na machela ya kijiji kwa sababu ilikuwa palepale, imemleta Ta Rwegasira kutoka hospitali. Matandiko yalikuwa bado juu yake. Hakuna aliyepata muda wa kuyabadilisha. Walimbeba kuelekea Ihanda, kwenye barabara, ambako gari lilikuwa limeitwa. Wanapokezana bila kusimama, mmoja anaingia chini ya mti wa machela mwingine anatoka, mnaujua ule mwendo. Kapteni alikuwa anakimbia pembeni ameshika kiatu kimoja cha mjomba, na sidhani alijua ameshika nini.

Mjomba aliuliza habari za wanawake. Mama akamwambia wapo wote. Akaniita Meneja. Nikasogea.

"Mbele kulikuwa na watu," akasema.

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa ananipa taarifa, kama mimi nilivyokuwa nampa kila asubuhi, kwa utaratibu, ili nijue. Nilitafuta utani wa kumjibu, maana sijawahi kumjibu kwa kitu kingine. Nikasema ndiyo, mjomba. Alifariki kabla hatujaiona barabara. Wabebaji waliendelea kukimbia kwa muda, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kupunguza mwendo.

Watu walikuja kutoka Dar es Salaam, wakaifungua injini juu ya turubai pale kibandani. Wakakuta valvu moja imekatika ndani, chuma kimechoka. Mafuta yalikuwa safi. Hakuna chupa ya glasi ambayo ingeionyesha, na hakuna aliyekuwa na macho ya kuiona. Wakiwaambia uchawi, waulizeni mchawi gani anachosha chuma.

Misheni iliondoa mabaki. Hakuna mwanafunzi mwingine aliyeletwa, na wagonjwa wa Kyerwa wanaendelea kubebwa mabegani mvua zikinyesha. Kapteni yuko Kayanga kwenye duka la binamu yake, anapima vitambaa kwa rula ya mbao. Nikimsalimia shikamoo anaitikia, ananiuliza masomo, anarudi kwenye kitambaa. Ruhogo analala katikati ya uwanja na hakuna anayemwamsha. Ndiyo maana nikasema nimestaafu. Kazi iliniacha kabla sijaiacha.

Nyie mtakaopata kazi yoyote, ya ndege au ya kulinda migomba isiibiwe, chukueni hiki. Kutazama asubuhi ni kutazama asubuhi tu. Saa nne unatazama tena. Na desturi mnapoitumia kupima mambo, itumieni yote. Ile nusu inayosema mtu asifanye nini mnaijua kwa moyo, maana ndiyo mnayochapiwa. Ulizeni na nusu nyingine: siku hiyo, kwa kuwa hafanyi hili, atakuwa wapi anafanya lipi? Na mkitaka jibu msiwaulize wanaume waliokaa kwenye benchi. Waulizeni wanaobeba mizigo.

Limebaki jambo moja, halafu nendeni mkacheze.

Tulipomzika mjomba, Mama hakula. Kila sahani aliyopewa ilirudi kama ilivyokwenda. Alikaa ameegemea ukuta, wanawake wale waliokuwa naye kwenye rweya wamemzunguka, wala hakulia kwa sauti, na hilo ndilo lililomtia Bibi hofu. Amezika mmoja, na wa pili anamwona anamfuata akiwa macho. Mchana wa siku iliyofuata Kapteni alikuja. Hakujua akae wapi, nyasi zile zilimshinda, akasimama mlangoni ameshika kofia. Bibi akaniita nitafsiri.

"Mwulize mwanangu alikosea nini," akasema.

Kapteni alitazama chini. Akasema nimwambie hakukosea. Nikamwambia.

Bibi akatikisa kichwa. "Kama hakukosea, basi huyu alimfundisha vibaya. Ni moja kati ya hayo mawili. Achague."

Niliitafsiri kama ilivyo. Ningeweza kuilainisha, mnajua ninavyojua kupindisha maneno ya watu wazima, lakini sikuipindisha. Kapteni aliitia kofia kwapani.

"Mwambie nilimfundisha vizuri," akasema. "Nilimkataza kugeuka, akageuka. Angekwenda mbele moja kwa moja, angevunjika miguu, angekuwa hai leo."

Bibi aliposikia hakumtazama tena Kapteni. Alimtazama Mama, na Mama alikuwa ameinua uso kwa mara ya kwanza tangu juzi, maana Kiswahili anakielewa vizuri na hakuhitaji mimi. Bibi akanyanyuka kwa kushikilia bega langu, akaichukua ile sahani iliyokuwa imerudi, ndizi na maharage yaliyopoa, akaenda akakaa chini mbele ya binti yake, akamwekea mapajani.

"Umesikia mwenyewe," akamwambia. "Kula. Usipokula, atakuwa amegeuka bure."

Mama alimega kidogo, akatia mdomoni, akatafuna kwa muda mrefu, akameza. Akamega tena. Bibi alibaki pale mbele yake, mikono imefumbata magoti, hadi sahani ilipoisha.